Bosi anasema "mafua tu", mbona mi nilikaribia kufa?

Anti shikamoo. Naomba unisaidie maana nyumbani hapakaliki na kazini ndo usiseme.

Mi nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako, nakaa kaunta napokea hela. Jumatatu ya wiki iliyopita nimeamka mzima kabisa, nimefungua duka, saa nne nimekunywa chai na maandazi mawili vizuri tu. Kufika saa saba hivi namhesabia mteja chenji ya bati nikasikia mgongo umekatika, yani sio kuuma, umekatika, alaf miguu ikaisha nguvu, kichwa kinagonga kwa nyuma ya macho, nikaanza kutetemeka mpaka yule mteja akaniambia dada we kaa chini chenji ntahesabu mwenyewe. Kutoka mzima mpaka hapo haikupita nusu saa.

Nikafika home nikalala na nguo za kazini, sweta, koti la mume wangu na blanketi mbili juu, na bado baridi. Usiku nikachemka mpaka nikawa naongea vitu havieleweki. Cha ajabu mwanzoni hata kamasi sikuwa nalo, pua kavu, kikohozi kikavu kinachoma kifuani. Kesho yake nikajikokota mpaka duka la dawa, wakanipima malaria hakuna, kaka akaniuzia zile kapsuli za rangi mbili kumi, Panadol na kapsuli za mafua. Nimemeza siku tatu nikaona tumbo linavuruga nikaacha. Nimelala mpaka Ijumaa. Jumamosi nimeoga mwenyewe nikachoka kama nimelima ekari, na mpaka leo nakohoa.

Sasa mume wangu ni dereva wa lori, alirudi kutoka Dar Ijumaa kabla sijaumwa, ana chafya na vimafua, akala akalala Jumapili akaondoka zake Tunduma. Anasema ni mafua yaleyale, ye yamempita huku anaendesha, mi nimelala wiki nzima kwa hiyo nadeka. Bosi naye kakata siku tano, kasema mbele ya wenzangu kwamba mafua hayamlazi mtu, kama nilikuwa naumwa kweli nilete karatasi. Karatasi sina. Jirani anasema itakuwa korona, na kuna mwingine kaniambia nimtazame vizuri mwenzangu wa kaunta, nadhani umenielewa.

Maswali yangu Anti, haya yalikuwa mafua au nini? Mtu anatofautishaje? Na zile dawa nilikosea?

Aah nisisahau, mtoto wa miezi kumi naye alichemka Ijumaa na Jumamosi akapona mwenyewe, sasa mama mkwe ambaye ndo anamshikia mtoto tangu jana jioni anasema mwili unamuuma na hataki kula, ana miaka 71 na ana sukari, nadhani ni baridi la huku tu maana linapiga. Nimemchemshia tangawizi.

Mama K, Makambako

JIBU

Marahaba mwanangu. Ntaanza na huo mstari wako wa mwisho ulioutupia kama chenji iliyobaki, kwa sababu ndo barua yenyewe. Mpeleke mama mkwe wako kituo cha afya leo, usingoje kesho, na usisubiri tangawizi ikuonyeshe. Beba daftari lake la kliniki na dawa zake zote za sukari, na ukifika usiseme "bibi ana mafua" maana utaambiwa subiri foleni, sema hivi: nyumbani watu watatu wameugua homa, kikohozi au chafya ndani ya siku kumi na mbili, huyu ana miaka 71, ana kisukari, kaanza jana jioni. Kuna dawa inaitwa oseltamivir, inapambana na kirusi chenyewe, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Haipo kila duka na bei yake sio ya Panadol, na ni daktari anayeandika, ila we uliza kwa jina. Saa zake zimeanza kuhesabu jana jioni.

Na sukari yake ipimwe hapohapo. Mwili ukipambana na maambukizi sukari inapanda hata kwa mtu asiyekula chochote, wengi wanadhani bibi hajala basi imeshuka wanamnywesha soda. Asiache dawa zake wala asiongezewe bila kuambiwa na mtaalamu.

Kama umeshampeleka ndo endelea kusoma.

Tatizo letu sisi ni neno. Kiswahili chetu kimeyaweka magonjwa mawili kwenye kapu moja linaitwa mafua, na tulivyoiga neno la kizungu tukaharibu zaidi, mtu ana chafya tatu na tishu mkononi anasema "nina flu", wakati flu kwa daktari ni influenza, ugonjwa mwingine kabisa. Ukivuka mpaka kule Kenya ndo unachanganyikiwa zaidi, mwenzako anakwambia ana homa anamaanisha pua inatiririka, sisi huku homa ni mwili kuchemka. Kwa hiyo bosi wako aliposikia "mafua" kichwani mwake ilikuja picha ya mtu anayepenga kamasi, haikuja picha ya mtu anayetetemeka chini ya blanketi mbili na koti la dereva. Wakati mwingine sema homa ya mafua, au sema influenza tu wakuulize ni nini.

Sasa kwa ulivyoeleza, mi naona ulipata influenza. Siwezi kuapa kwa barua, uhakika ni mpaka wachukue sampuli puani wapime, na jirani yako aliyesema korona hajakosea sana maana kwa macho tu hazitofautishiki, kipimo ndo kinasema. Ila mafua ya kawaida nakukatalia, na sababu ni ile chenji ya bati. Mafua ya kawaida huwa yanapiga hodi. Leo koo linawashawasha, kesho chafya, kesho kutwa pua bomba, siku ya pili ya tatu ndo yanakolea, alaf yanaanza kuondoka taratibu, wiki mpaka siku kumi yameisha, na muda wote huo unakula, unagombana na watu, unaenda kazini. Mtu mzima akiulizwa yalianza saa ngapi hawezi kukwambia. Influenza haipigi hodi. Aliyeipata anakwambia ilikuwa saa saba, nilikuwa nahesabu chenji. Joto linapanda haraka, 38, 39, wengine mpaka 40, misuli inauma, kichwa kinagonga, nguvu zinaisha zote kwa mkupuo, kikohozi kikavu, na pua inaweza isihusike sana kama yako. Homa inakaa siku tatu nne hivi, ila kikohozi na ule uchovu wa kuoga ukachoka vinaweza kwenda wiki mbili na zaidi. Kwa hiyo kikohozi chako cha leo hakinitishi, mradi kinapungua.

Kwa nini vinatofautiana hivyo? Chukulia njia yako ya hewa kama nyumba. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi zaidi ya 200 tofauti, wakubwa wao wanaitwa rinovirusi, na hawa wanapenda ubaridi wa puani, wanazaliana vizuri kwenye nyuzi 33 mpaka 35, kwa hiyo mara nyingi wanaishia barazani, wanachafua baraza, wanakuachia kamasi. Influenza inapita baraza, inaingia ndani mpaka kwenye koromeo na mirija ya mapafu, na inaua zile seli zinazofunika ukuta wa mirija. Ukuta ukishachubuka, bakteria waliokuwa wanazurura tu wanapata mlango, hapo ndo kichomi kinaingia. Ndo maana mgonjwa wa influenza ambaye alishapata nafuu, kakaa siku mbili yupo vizuri, alaf homa inarudi na kifua kinaanza kuuma, huyo mi simpi hata dakika, aende hospitali. Wengi niliowaona wodini miaka yangu ya unesi walikuja kwenye hiyo raundi ya pili, ndugu wanakwambia "lakini alikuwa ameshapona".

Yale maumivu ya mgongo kukatika sio kirusi kinatafuna mgongo, ni mwili wenyewe unapiga kengele, kemikali zinazoita askari wa mwili ndo zinaleta homa na kuuma kote kule. Kwa hiyo yule aliyekwambia umtazame mwenzako wa kaunta mwambie mwenzako wa kaunta hana shida, aliyekuloga ni mume wako na chafya zake.

Tuje kwake basi. Anasema ni ugonjwa uleule na inawezekana kabisa yuko sahihi, anapokosea ni hapo kwenye kudeka. Kirusi kimoja kinaweza kumpita mtu mmoja kama vimafua vya siku mbili na kumlaza mwingine wiki, inategemea mwili uliwahi kukutana na ndugu wa kirusi hicho au la, umri, uchovu, magonjwa mengine, na wapo wanaoambukizwa wasisikie kitu kabisa. Hesabu siku zako uone. Yeye karudi Ijumaa anapiga chafya, we umeanguka Jumatatu, mtoto Ijumaa, bibi Jumanne. Influenza inachukua siku moja mpaka nne tangu ikuingie mpaka ikuangushe, mara nyingi mbili. Na anayeumwa anaanza kuambukiza siku moja kabla hata hajajua anaumwa, anaendelea mpaka siku tano saba hivi, watoto wadogo zaidi ya hapo. Bibi anambeba mjukuu mgongoni, mjukuu anamkoholea shingoni, anashika kamasi anashika uso wa bibi, sijui kama kuna njia fupi kuliko hiyo.

Mtoto ashukuriwe Mungu alipona, ila siku nyingine mtoto wa chini ya miaka miwili akichemka usimsubirie. Ukiona anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, anakataa kunyonya, nepi kavu muda mrefu, degedege, hapo ni kukimbia. Na kama ulimnyonyesha ukiwa unaumwa hukukosea, endelea tu, maziwa yanambebea kinga, we nawa mikono na uzibe pua na mdomo. Kwa watu wazima dalili za kukimbia ni hewa kuwa shida, kifua kuuma, kuchanganyikiwa au kusinzia asiamke vizuri, midomo kuwa ya bluu, na mkojo kukatika. Bibi hata asipokuwa na moja ya hizo bado anaenda leo, kwa sababu ya umri na sukari. Wenye pumu, moyo, selimundu, VVU, na wajawazito nao wako kundi lake, hawa hawakai nyumbani kuangalia itakuwaje.

Dawa. Hapo kwenye malaria ulifanya vizuri kupima, tena nyie Njombe malaria ni chache kweli lakini nyumba yenye dereva anayelala Dar haiwezi kujiaminisha, na wapo wanaomeza dawa ya mseto kila wakichemka bila kipimo. Ulipoharibu ni rangi mbili. Ile mara nyingi ni amoksilini, ni antibayotiki, yani inaua bakteria, kwa kirusi haina habari yoyote, iwe influenza au mafua ya kawaida. Kwa hiyo ulichopata ni tumbo kuvuruga kwa hela yako, na mbaya zaidi kumeza antibayotiki bila sababu namna hiyo ndo kunawafundisha bakteria kuizoea dawa, siku ukipata kichomi cha kweli haikusaidii. Kamasi kuwa la kijani sio sababu ya kumeza antibayotiki pia, hilo nalisema kila mwaka na kila mwaka naletewa picha za kamasi kwenye simu, jamani muacheni Anti wenu ale.

Lakini kuna kitu kwenye barua yako kilinitisha kuliko rangi mbili, ni Panadol pamoja na kapsuli za mafua. Geuza pakiti ya hizo kapsuli usome nyuma kwa maandishi madogo, nyingi zimeandikwa paracetamol ndani, na Panadol ni paracetamol. Mtu anameza mbili za Panadol, baada ya saa moja anameza za mafua, usiku anarudia, anajikuta kapitisha. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24 ukijumlisha vyote, ukizidisha ini ndo linalipa, na halipigi kelele mapema. Chagua kimoja. Na mtoto akiwa na homa ya mafua usimpe aspirini, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Tangawizi, limao na asali endelea kunywa, zinalainisha koo na mwili unahitaji maji, ila asali isimguse mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa bibi mwenye sukari hiyo asali itoe. Nyungu najua mtaniuliza maana tangu 2020 kila nyumba ina sufuria lake. Mvuke unaweza kukufungulia pua kidogo, kirusi hakiungui, wanaoungua ni watu, nimeona mapaja ya watoto waliovuta sufuria la maji ya moto chini ya kitenge sitaki kukumbuka.

Sasa bosi. Kwanza mwambie, ukiweza, kwamba hii anayoiita mafua tu ndo iliyoingia Mombasa kwa meli mwaka 1918 ikapanda na reli kwenda bara, na dunia nzima inakadiriwa iliua watu kama milioni 50, tena wengi wakiwa vijana wenye nguvu zao wa miaka 20 mpaka 40. Siku hizi ni nafuu sana ukilinganisha na kipindi kile, na bado Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Ugonjwa wa namna hiyo unalaza mtu.

Ila kwa karatasi bosi kakubana na nitakuwa muongo nikikwambia una haki yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, lakini uwe umeshafanya kazi miezi sita na uwe na cheti cha daktari anayetambulika. We ulienda duka la dawa, duka la dawa halitoi ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Kama bado una risiti ya kile kipimo cha malaria nenda nayo, muombe kwa upole, mwambie tarehe inaonyesha, na kama una siku za likizo ya mwaka hujazitumia omba azikate huko aache mshahara. Anaweza kukubali anaweza kukataa. Siku nyingine homa ikikupiga hivyo pita zahanati kwanza hata kwa kubebwa na bodaboda, uchukue ED kabla ya kulala. Na akikuuliza kwa nini hukuja kukaa kaunta huku unaumwa, mwambie ungemkoholea kila mteja na kila noti, na kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye kitu kigumu kama meza ya kaunta mpaka siku mbili. Yeye mwenyewe si anashika hiyo meza.

Chanjo ipo, kwa mama mkwe na kwako pia ukijaaliwa. Haimo kwenye zile chanjo za watoto kliniki, kwa hiyo ulizia hospitali kubwa kubwa mjini. Inachomwa kila mwaka kwa sababu kirusi kinabadilika sura, wataalamu wa dunia wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua sura gani ziwekwe kwenye chanjo inayofuata. Inachukua kama wiki mbili kushika, na haikingi mafua ya kawaida, kwa hiyo ukichanjwa alaf ukapata chafya usije kunilalamikia.

Mume wako akirudi kutoka Tunduma na chafya zake, mpe bilauri yake, fungua madirisha hata kama baridi linapiga, asimbusu mtoto, asikae karibu na mama yake mpaka apone. Akinuna mwambie Anti kasema. Na kesho niandikie bibi wamempima sukari imesoma ngapi.